Daktari Livingstone na Saa Zake

Habari za Daktari David Livingstone zimesimuliwa mara nyingi, na wengi wetu tulizisikia tangu shule ya msingi: jinsi simba alivyomtafuna bega, jinsi Stanley alivyomkuta Ujiji, na jinsi maiti yake ilivyobebwa hata Bagamoyo. Lakini muhula uliopita, nilipokuwa nikisoma maisha yake, niliona jambo moja lisilotajwa sana darasani, nalo ni habari za saa alizokuwa akichukua safarini. Basi nimeona afadhali niyaeleze maisha yake kwa upande huo. Sisi wa Kerende tunaishi chini ya minara ya simu, na mafundi wanaokuja kuipima wanahangaika na mambo yale yale yaliyomhangaisha Livingstone, ijapokuwa vyombo vyao ni vingine kabisa.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipofika umri wa miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba, na kazi yenyewe ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikuwa akikiweka kitabu juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila apitapo. Wenzangu mnaolalamika kwamba taa huzimwa mapema bwenini mfikirieni mtoto huyo.

Baadaye alisoma udaktari Glasgow, akahitimu mwaka 1840, na katika mwaka huo huo London Missionary Society ikamtuma Afrika ya Kusini. Alipanda meli iitwayo George mwezi wa Desemba. Safari ilikuwa ya miezi mitatu, na nahodha alikuwa mtu mwema. Usiku alimwita yule daktari kijana sitahani, akamfundisha kupima nyota na mwezi na kutafuta mahali meli ilipo. Nadhani elimu ile ya sitahani ilimfaa Livingstone kuliko mengi aliyoyapata chuoni, maana wamisionari wengi walikuja Afrika wasijue kusema walikuwa wapi ila kwa kutaja siku walizotembea.

Hapa sina budi kueleza kidogo, kwa faida ya wale wa Kidato cha Kwanza. Kujua uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta si kazi kubwa; unapima urefu wa jua saa sita, au wa nyota usiku, ukatazama katika kitabu cha hesabu. Taabu iko kwa mashariki na magharibi, yaani longitudo. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, maana yake digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika nne. Kerende yetu iko karibu digrii 34 na nusu mashariki ya Greenwich, kwa hiyo jua hutufikia sisi utosini yapata saa mbili na dakika 18 kabla ya kuwafikia watu wa huko. Na kwa kuwa saa ya serikali hufuata digrii 45, sisi jua letu la utosini, kwa wastani, huja kwenye saa sita na dakika 42. Asiyesadiki na asimamishe kijiti uwanjani atazame kivuli.

Basi mtu akijua saa ya jua la mahali alipo, na papo hapo akajua Greenwich ni saa ngapi, atoe moja katika nyingine, naye amekwisha jua longitudo yake. Saa ya mahali utaipata kwa jua. Saa ya Greenwich utaipata wapi, nawe uko katikati ya pori? Hilo ndilo lililokuwa swali la maisha ya Livingstone. Sekunde moja ya kosa katika ikweta humsogeza mtu karibu mita 464.

Miaka yake ya kwanza katika Afrika ya Kusini nitaipita upesi. Simba alimjeruhi mkono wa kushoto mwaka 1844, akamwoa Mary Moffat mwaka 1845, akafika Ziwa Ngami mwaka 1849. Mwaka 1852 alikwenda Cape Town kuwasindikiza mkewe na watoto waliokuwa wakirudi Uingereza. Huko alikutana na Bwana Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kuangalia nyota, akawa mwanafunzi tena. Maclear alimnoa katika kupima, na tangu siku hizo Livingstone alimpelekea hesabu zake ili azikague. Jambo hili mimi nalipenda sana. Mtu mzima wa miaka 39, mwenye sifa tayari, anakubali daftari lake lisahihishwe kama la mtoto wa shule.

Ndipo akaanza ile safari kubwa. Aliondoka Linyanti Novemba 1853, akafika Luanda, pwani ya magharibi, tarehe 31 Mei 1854, kisha akageuka akaivuka Afrika nzima hata Quelimane, pwani ya mashariki, Mei 1856. Katika safari hiyo ndipo alipoyaona Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, Novemba 1855. Mizigo yake ilikuwa michache, lakini vyombo vya kupimia havikukosekana: sekstanti ya kupimia pembe za nyota, dira, vipimajoto, na saa ya kronomita iliyotengenezwa na Dent wa London. Saa hiyo ilikuwa na kizuio cha mkono wa sekunde. Mtu akiisha kuona nyota mahali pake huusimamisha mkono, akasoma sekunde kwa utulivu.

Watu wengi hudhani kwamba saa nzuri ni ile isiyokosea. Sivyo. Kila saa hukosea, na wanaoijua kazi huuliza maswali mawili mbalimbali. La kwanza: saa hii imekosea sekunde ngapi sasa hivi? Hilo ni kosa la saa. La pili: kila siku huongeza au hupunguza sekunde ngapi? Huo ni mwendo wa saa. Kronomita inayopoteza sekunde 5 kila siku, leo na kesho na kesho kutwa, ni saa njema, kwa sababu unaweza kufanya hesabu. Ile ipotezayo 2 leo na kuongeza 3 kesho haifai kitu.

Mafundi wa mitambo ya mawasiliano wanatenganisha mambo hayo hayo mpaka leo. Wanaposema mitambo miwili imelingana kwa mwendo, maana yake saa zao hupiga kwa kasi moja. Wanaposema imelingana kwa wakati, maana yake zinapiga kwa nukta ile ile. Watazameni akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mwendo wao ni mmoja kabisa, lakini mchi wa huyu unapanda wakati wa yule unashuka. Wamelingana kwa mwendo, hawakulingana kwa wakati, na wakilingana kwa wakati michi itagongana! Kumbe minara ya simu ya siku hizi yatakiwa ifanye kinyume cha akina mama hao. Ile inayotuma na kupokea kwa zamu katika masafa yale yale ni lazima ianze zamu zake pamoja, na tofauti kati ya mnara na jirani yake isizidi mikrosekunde 3, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, ukatwaa vipande vitatu tu. Ikizidi hapo, mmoja humsemea mwenzake masikioni wakati anajaribu kusikiliza.

Lakini nimewahi mbele. Livingstone hakutegemea saa peke yake. Alikuwa na saa nyingine isiyobebwa na mpagazi, nayo ni mwezi. Mwezi huenda kati ya nyota kiasi cha digrii 13 kila siku, sawa na upana wake mwenyewe kwa muda wa saa moja hivi. Wataalamu wa Greenwich walikuwa wakitoa kitabu kila mwaka, tangu kile cha mwaka 1767, kinachoonyesha mwezi utakuwa mbali kiasi gani na jua na nyota fulani kwa saa za Greenwich. Msafiri hupima umbali huo kwa sekstanti, akasahihisha kwa hesabu ndefu, akapata saa ya Greenwich pale pale porini. Mwezi ni setilaiti ya dunia, tena ya kwanza. Kwa hiyo mtu huyu, kwa suruali iliyoraruka na homa mwilini, alikuwa akiirekebisha saa yake kwa setilaiti zaidi ya miaka 100 kabla ya Marekani kurusha setilaiti yake ya kwanza ya GPS mwaka 1978.

Ubaya wa njia ya mwezi ni kwamba ni ngumu. Ukikosea dakika moja ya digrii katika kupima, saa yako inakosea kama dakika mbili, nawe unajiweka kilomita 55 mbali na ulipo. Ndiyo sababu ilimpasa apime mara nyingi ili kosa lipungue. Tena mawingu yakitanda, hakuna mwezi.

Alipofika Luanda manahodha wa Kiingereza walimpa nafasi arudi kwao, kwa maana alikuwa mgonjwa sana. Alikataa, kwa kuwa aliwaahidi Wamakololo waliomsindikiza kwamba atawarudisha nyumbani. Ila aliweka melini barua, ramani na hesabu zake zote. Meli hiyo, Forerunner, ikazama karibu na Madeira. Alipopata habari alikuwa njiani Pungo Andongo. Basi akakaa chini akaandika yote upya. Sijui ni nani kati yetu angefanya hivyo.

Safari ya pili, ya Zambezi, tangu 1858 hata 1864, haikuwa na baraka nyingi. Aliliona Ziwa Nyasa mwaka 1859, lakini mkewe alifariki Shupanga mwaka 1862, wenzake waligombana naye, na serikali ikamwita arudi. Naona huko hakuwa kiongozi mwema wa Wazungu wenzake. Alikwenda vizuri zaidi na Waafrika.

Sasa nimefika mahali pa safari ya mwisho. Alitoka Unguja akashuka Mikindani mwezi Machi 1866, akafuata Mto Ruvuma, nia yake ikiwa ni kutafuta chanzo cha Mto Nile. Alipita Nyasa. Watu wa Nzwani wakamwacha, wakarudi Unguja na uongo kwamba ameuawa. Mwezi Januari 1867, nchi ikiwa imejaa maji ya masika ya huko, alikuwa kusini ya Ziwa Tanganyika na msafara mdogo wenye njaa. Mwezi ule ulikuwa mchungu kupita yote. Mbwa wake Chitane alizama majini. Watu wawili walitoroka na sanduku la dawa. Na kijana aliyebeba kronomita aliteleza kwenye mteremko wa tope, akaanguka, kisha akaanguka tena.

Saa hazikuvunjika. Laiti zingalivunjika! Ziliendelea kwenda kama kawaida, lakini mwendo wao ulikuwa umebadilika, na hapakuwa na mtu wa kujua kwa kiasi gani. Saa iliyosimama humwambia mwenyewe kwamba imesimama. Hizi zilikuwa zikidanganya. Mawingu ya masika yalifunika mwezi na nyota, hata hakuweza kuzikagua upesi. Baadaye ilikadiriwa kwamba longitudo zake za tangu pale zilikosea kama dakika 20 za digrii. Kwa saa ni sekunde 80 tu, muda wa kufunga kamba za viatu; kwa ardhi ya huko ni kilomita 36 hivi, karibu mwendo wa siku mbili kwa mpagazi. Wako wanaomlaumu yule kijana. Mimi siwezi. Mtu mwenye njaa, juu ya tope, na mzigo usiotakiwa kutikiswa, ataanguka tu.

Mwaka jana nilimwona fundi mmoja kwenye mnara upande wa kwetu. Aliweka antena ndogo juu ya paa la gari, mahali peupe, akaunga waya kwenye chombo chake cha kupimia, kisha akaketi kivulini asifanye kitu. Nilimwamkia nikamwuliza anangoja nini. Akaniambia chombo bado hakijashika setilaiti. Setilaiti za GPS, akasema, zimo angani kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja ina saa za atomu. Chombo chake kinasikiliza. Chahitaji setilaiti nne, kwa sababu kina mambo manne kisiyoyajua: mahali kwa pande tatu, na kosa la saa yake chenyewe. Kikiisha kupajua mahali na kutulia pale, hata setilaiti moja yatosha kukipa wakati. Kila sekunde kinatoa pigo moja, na pigo hilo ndilo kipimo cha kukagulia saa ya mnara.

Taa ilipogeuka rangi alichomoa ule waya wa antena, akakibeba chombo taratibu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, akaingia nacho katika kibanda cha mitambo ambako mbingu hazionekani. Tangu hapo, alisema, chombo kinashikilia saa kwa nguvu zake, kwa saa ndogo ya atomu za rubidi iliyomo ndani, na kadiri muda unavyopita ndivyo wasiwasi wake unavyoongezeka. Akikawia mno, au akikigonga, hutoka nje akaanza upya. Nilimfikiria kijana wa Livingstone. Tofauti yao ni kwamba huyu akitoka nje anaikuta mbingu yenye saa, mawingu yakiwapo yasiwapo.

Kosa lenyewe pia limebadilika sura. Kwa Livingstone, sekunde moja ilikuwa nusu kilomita kwa sababu ni dunia iliyokuwa ikizunguka. Kwa GPS kinachopimwa ni safari ya mawimbi ya redio, yaendayo kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa la mikrosekunde moja tu ni mita 300.

Turudi njiani. Aliona Ziwa Mweru mwaka 1867 na Ziwa Bangweulu Julai 1868, akaliandika Bangweulu mahali pasipo pake. Akaenda Ujiji, kisha Manyema, na huko Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia wafanyabiashara ya utumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake. Alirudi Ujiji amevunjika moyo na hana kitu. Ndipo Stanley akafika. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Wale mabwana wawili walikutana uso kwa uso, lakini tarehe zao hazikukutana. Stanley aliandika kwamba ilikuwa 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone laonyesha mwisho wa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepitiwa na homa, na mtu mwenye homa hahesabu siku. Tusiwacheke sana, kwani hata leo saa mbili zilizo sahihi zaweza kutofautiana kwa sababu ya hesabu tu. Saa ya GPS ilianza kuhesabu Januari 1980, nayo haikubali zile sekunde za nyongeza zinazotiwa katika saa ya dunia. Tangu mwanzo wa 2017 iko mbele kwa sekunde 18. Fundi asiyelijua hilo ataona mitambo mizima kama mibovu.

Stanley alimsihi warudi pamoja, akakataa. Alingoja Kwihara karibu na Tabora mpaka Stanley alipompelekea watu kutoka pwani, akaondoka tarehe 25 Agosti 1872 kuelekea Bangweulu tena. Masika yalimkuta katika vinamasi vya ziwa hilo mwanzo wa 1873. Mvua haikukatika, nyota hazikuonekana, na ramani aliyokuwa nayo ni ile ya mkono wake mwenyewe, yenye kosa la saa zilizoanguka miaka sita nyuma. Msafara ulitanga katika maji na matete, wiki baada ya wiki, wakitafuta njia ambayo kwa hesabu zake ilipasa kuwapo. Sisemi kwamba saa ndiyo iliyomwua. Alikuwa akitokwa damu tumboni, na sanduku la dawa lilikwisha kwenda. Lakini nguvu zake za mwisho alizimaliza katika vinamasi vile.

Neno la mwisho katika daftari lake ni la tarehe 27 Aprili 1873. Watu wake walimbeba kwa machela hata kijiji cha Chitambo, wakamjengea kibanda, na alfajiri moja wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Abdullah Susi na James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa muda wa miezi tisa hata Bagamoyo, pamoja na madaftari yake na vyombo vyake. Alizikwa London, katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874.

Jacob Wainwright, ambaye alikuwa amesoma, ndiye aliyechonga jina na tarehe katika gome la ule mti. Kipande hicho cha mti kilikatwa baadaye kikapelekwa London. Jiwe la kaburi linasema alifariki tarehe 1 Mei 1873. Mti unasema 4 Mei.